Nyundo na Tarikhi ya Kuunganisha Nyumba za Elimu

Mtu atokaye Gisenyi, mji uliojengwa ufukweni mwa ziwa Kivu na kupakana ua kwa ua na Goma ya Kongo, akishika barabara ipandayo kuelekea Musanze na Kigali, hatakwenda mwendo mrefu kabla ya kuliona bonde la mto Sebeya na kilima chenye kanisa kuu, seminari ndogo, skuli na nyumba za watawa. Na hapo ndipo Nyundo. Kwa ukubwa wa ardhi na wingi wa watu Nyundo haishindani na miji mikubwa ya Afrika Mashariki, walakini katika tarikhi ya elimu ya nchi hizi za Maziwa Makuu ina mahali pake, nami nimekusudia kuitwaa iwe kituo cha kutazamia jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni la jana na leo tu, nalo ni kazi ya kuyafanya majukwaa ya kufundishia mtandaoni, ambayo kila chuo kikuu kimejichagulia kwa shauri lake, yapate kusemezana.

Kwa sura yake ya nje kazi hii ni ya mafundi wa kompyuta, na wao ndio waitwao pale jukwaa moja linapokataa kuyasoma masomo yaliyotungwa katika jukwaa jingine, au alama za mwanafunzi zinapopotea njiani. Lakini mwenye kuichunguza ataona kuwa swali lililo ndani yake ni lile lile lililowakabili maaskofu, wakuu wa skuli na mawaziri wa elimu kwa zaidi ya miaka mia: mwanafunzi aliyeanza kusoma katika nyumba moja, akihamia nyumba nyingine, ni nani atakayekiri kwamba alichokisoma amekisoma? Swali hili halijibiwi na waya wala mashine, bali hujibiwa na watu walioafikiana, na pale watu wasipoafikiana, mashine huwa kazi yake ni kuichukua ikhtilafu yao na kuieneza kwa kasi zaidi.

Mapadre Weupe, wale wa shirika lililoanzishwa na Lavigerie mwaka 1868, walifungua misheni yao ya kwanza ya Rwanda huko Save mwaka 1900, na mwaka uliofuata, 1901, wakaja Nyundo. Askofu Hirth, aliyekuwa mkubwa wao, alitaka tangu mwanzo wapatikane mapadre wa Kinyarwanda, na kwa kuwa Rwanda haikuwa bado na seminari, vijana wa kwanza walipelekwa mwaka 1904 upande wa Bukoba, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, wakasome pamoja na vijana wa Kihaya katika nyumba ambayo baadaye ilikita Rubya. Safari hiyo, iliyofanywa kwa miguu na watoto waliokuwa hawajapata kutoka nje ya vilima vyao, naihesabu kuwa habari kubwa kuliko inavyohesabiwa na wengi, maana ilikuwa mara ya kwanza kwa elimu ya Rwanda kutegemea kukubaliwa kwake katika nyumba iliyo mbali, yenye walimu wengine na lugha nyingine ya nje ya darasa. Seminari ya Rwanda yenyewe ilifunguliwa Kabgayi miaka michache baadaye, na tarehe 7 Oktoba 1917 wakapadirishwa Balthazar Gafuku na Donat Reberaho, Wanyarwanda wa kwanza. Kisha mwaka 1936 seminari kuu ikahamia Nyakibanda, ikawapokea vijana wa Rwanda na Urundi, na wa Kivu pia.

Ni kitu gani kilichomwezesha kijana wa Nyundo kuingia katika nyumba hizo zote bila ya kuanzishwa upya kila mahali? Kilikuwa ni Kilatini, na utaratibu mmoja wa masomo uliotangulia kuwekwa: sarufi kwanza, kisha falsafa, kisha elimu ya Mungu, pamoja na barua ya mkubwa wa nyumba aliyotoka, iliyosema huyu amefika hapa na mwenendo wake ni huu. Mwalimu wa Katigondo nchini Uganda hakuhitaji kujua Kinyarwanda ili aelewe maana ya mtu kumaliza mwaka wa pili wa falsafa. Lugha moja, mpango mmoja na hati moja ya kutambulisha: hayo ndiyo mambo matatu ambayo mafundi wa majukwaa wa zama hizi wamerudi kuyatafuta kwa majina mengine, na ni haki kuwakumbuka waliokuwa nayo kabla yao. Hata hivyo sipendi kuusifu mwafaka ule kupita kiasi, kwa sababu ulikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea. Uliwafaa wale waliokwenda mpaka mwisho, kwenye upadre; ilhali serikali ya Kibelgiji ilikuwa na skuli yake ya Astrida, iliyowekwa mikononi mwa Mabruda wa Upendo mnamo mwaka 1929 kwa ajili ya kutoa makarani na wasaidizi wa utawala, na nyumba hizi mbili, ya Kanisa na ya Serikali, kila moja ilikuwa na makusudio yake na kipimo chake cha mtu aliyeelimika.

Mwaka 1952 ni mwaka mkubwa wa Nyundo. Mwaka huo Vikaria ya Kitume ya Nyundo ilianzishwa, na Aloys Bigirumwami, mzaliwa wa Zaza, akawekwa wakfu tarehe 1 Juni, akawa askofu wa kwanza Mwafrika katika makoloni ya Wabelgiji. Yeye alikuwa mtu wa kukusanya. Alikusanya desturi, hadithi na methali za Wanyarwanda, akazipiga chapa katika vitabu ambavyo wanazuoni hawajaacha kuvirejea. Na mwaka 1954 akaanzisha gazeti la watoto, Hobe, lililoandikwa kwa Kinyarwanda na kusambazwa katika skuli za nchi nzima. Gazeti hilo nalitaja kwa kusudi maalumu. Mtoto wa Nyundo na mtoto wa Cyangugu, ambao walimu wao hawakupata kuonana, waliweza kusoma hadithi moja katika juma moja, kila mmoja chini ya mwalimu wake na katika darasa lenye taratibu zake, na hakuna skuli iliyolazimishwa kubadili chochote ili ipokee gazeti lile. Somo lilisafiri, na nyumba zikabaki kama zilivyokuwa.

Mwaka huo huo wa 1952 ndipo ilipoanza skuli ya sanaa ya Nyundo, iliyowafundisha vijana kuchora, kuchonga na kufinyanga, na ambayo kwa muda mrefu haikuwa na ndugu wa namna yake nchini. Vyuo vikuu vilivyokuja baadaye vilijua kumpima mtu kwa hesabu, kwa insha na kwa fizikia, lakini ubora wa mkono uliochonga mti haukuwa na safu yake katika madaftari yao, na taabu hiyo haijesha mpaka leo. Mwaka 2014 Nyundo ilipoongezewa skuli ya muziki, chini ya uongozi wa mwanamuziki ajulikanaye kwa jina la Mighty Popo, swali lilirudi katika sura mpya, kwani mpiga gitaa hodari aliyehitimu hapo alikuwa na ustadi ambao umma wote uliusikia kwenye redio, na huku majukwaa ya vyuo vikuu hayana namna ya kuupokea ila kwa kuugeuza kuwa tarakimu. Nalitaja hili mapema ili msomaji alikumbuke tutakapofika kwenye kanuni za mashine, ambazo nazo zimezaliwa na udhaifu huo huo.

Tukirejea kwenye vyuo vikuu, kijana wa Gisenyi wa miaka ya 1950 aliyetaka elimu ya juu kabisa alitazama magharibi: Lovanium ilifunguliwa Leopoldville mwaka 1954, na Elisabethville ikapata chuo kikuu cha serikali muda si mrefu baada yake. Mashariki kulikuwa na Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama skuli ya ufundi na kufungamana na Chuo Kikuu cha London tangu mwaka 1949, hata wanafunzi wake wakawa wanatunukiwa shahada za London. Lakini kwa mtu aliyesoma kwa Kifaransa chini ya taratibu za Kibelgiji, Kampala ilikuwa baidi kuliko Leopoldville, ingawa ramani yasema kinyume chake. Mwaka 1963 ulileta mambo mawili kwa wakati mmoja. Makerere, Nairobi na Dar es Salaam ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho kiliishi mpaka mwaka 1970 kisha kikagawanyika katika vyuo vitatu vya mataifa matatu. Na huko Butare, kwa juhudi za Padre Georges-Henri Lévesque, Mdominiko wa Kanada, kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, kikiwa na wanafunzi 51. Muungano mmoja ulikuwa unajaribu kuishi, na chuo kingine kilikuwa kinazaliwa peke yake, na baina yao hapakuwa na daraja lolote.

Gisenyi yenyewe ilishuhudia jaribio la kujenga daraja upande wa pili. Tarehe 20 Septemba 1976 Rwanda, Burundi na Zaire zilitia saini katika mji huo mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, na makao yake yakawekwa hapo hapo. Nchi tatu zilizorithi Kifaransa na taratibu za Kibelgiji zilikuwa na kila sababu ya kusikilizana katika mambo ya vyuo. Baadaye, mwaka 1981, Rwanda iliunganisha Taasisi ya Ualimu, iliyoanzishwa mwaka 1966, na Chuo Kikuu cha Taifa, na sehemu ya chuo ikapelekwa Nyakinama karibu na Ruhengeri, kwa hivyo elimu ya juu ikasogea karibu na watu wa kaskazini na magharibi kwa mara ya kwanza.

Kisha ukaja mwaka 1994. Watu waliokimbilia Nyundo mwezi wa Aprili wakitumaini kwamba kanisa na seminari vitawalinda waliuawa humo, mapadre wao wakiwa miongoni mwao, na huko Butare waliuawa walimu na wanafunzi wa chuo kikuu. Mwandishi wa tarikhi ya elimu hana haki ya kupita hapa kwa haraka. Waliokufa walikuwa ndio walimu, ndio wenye kumbukumbu, ndio wale ambao wangeweza kusema huyu nilimfundisha na huyu ninamjua. Na pamoja nao yalichomwa au kutawanywa madaftari, hata mtu aliyenusurika akawa hana hati ya kuonyesha wala shahidi wa kumsemea. Siyo siri kwamba haja ya Rwanda ya kuwa na kumbukumbu zisizokaa mahali pamoja tu ilizidi baada ya maafa yale, na kila nisikiapo mtu akisema kuwa kumbukumbu za wanafunzi ni kazi ya makarani, hukumbuka ni nani waliokosa kutambuliwa katika miaka iliyofuata.

Nchi ilipoanza kujenga upya vyuo vyake, ilivijenga vingi na kwa haraka. Taasisi ya Sayansi na Tekinolojia ya Kigali, ijulikanayo kama KIST, ilifunguliwa mwaka 1997, na Taasisi ya Elimu ya Kigali, yaani KIE, mwaka 1999. Katika mwaka huo wa 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, kilichorusha masomo kwa setilaiti mpaka katika vituo vya Afrika, KIST kikiwa miongoni mwa vilivyoyapokea, hata mwaka 2002 makao yake yakahamishwa kutoka Washington kuja Nairobi. Ulikuwa mpango wa kustaajabisha kwa zama zake, kwani mwanafunzi wa Kigali alimwona mhadhiri wa ng'ambo kwenye kioo na kumwuliza kwa simu. Lakini somo lilikuja likiwa limekwisha kupikwa, na chuo kilicholipokea hakikuwa na njia ya kuliingiza ndani ya mafundisho yake chenyewe. KIE ilichagua njia ya unyenyekevu zaidi, na kwa maoni yangu ya busara zaidi. Tangu mwaka 2001 iliwafundisha kwa mbali walimu wa sekondari waliokuwa kazini bila ya shahada: iliwapelekea vitabu vya moduli vilivyopigwa chapa, ikawakusanya katika vituo vya mikoani wakati wa likizo, na kuwatahini huko. Mwalimu wa vilima vya magharibi hakulazimika kuiacha skuli yake. Moduli ile ya karatasi, yenye namba yake, malengo yake, saa zake na mtihani wake, ilikuwa kitu kamili kinachoweza kubebwa, na ndiyo maana zama za intaneti zilipofika haikuwa tabu kwa watu wa KIE kufahamu kile ambacho wageni walikuwa wakikieleza kwa maneno mazito.

Kile kilichokuwa kikielezwa, yaani somo linaloweza kubebwa kutoka mashine moja hadi nyingine, kilikuwa na asili yake katika biashara ya ndege. Katika miaka ya 1980 watengenezaji wa ndege walikuwa wakiwapa wateja wao masomo ya kompyuta ya kuwafundishia marubani na mafundi, na shirika la ndege lililonunua ndege za makampuni mawili lilijikuta linalazimika kununua na kompyuta za namna mbili, kwa kuwa somo la huyu halikufunguka katika mashine ya yule. Mwaka 1988 makampuni yakakaa pamoja yakaunda kamati ya kuweka kanuni za pamoja, ijulikanayo kwa herufi AICC. Vyuo vya Marekani vikafuata mwaka 1997 kwa mradi ulioitwa IMS, na Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo, yenye askari wa kufundishwa kila pembe ya dunia na isiyotaka kulitunga somo moja mara kumi, ikakusanya kanuni za wote hao na kutoa mnamo Januari 2000 mkusanyo uitwao SCORM, ambao toleo lake la 1.2, la mwaka 2001, lilienea kuliko mengine yote.

Utendaji wake si mgumu kuufahamu. Somo hufungwa pamoja na picha na maswali yake katika kifurushi kimoja, na ndani yake huwekwa faili moja ya orodha, isemayo kuna sehemu hizi, kwa mfuatano huu, na ya kufunguliwa kwanza ni hii. Jukwaa lolote lililokubali kanuni hizo huisoma orodha na kulipanga somo mbele ya mwanafunzi. Na mwanafunzi anapolifungua, somo huliambia jukwaa kwa maneno machache yaliyokwisha kuafikiwa kwamba limeanza, kwamba mtu amefika mahali fulani, kwamba amepata alama kadhaa, kwamba ametumia muda kadhaa, na kwamba limekwisha. Jukwaa halijui somo linahusu nini, wala somo halijui limo katika jukwaa la nani, na kutojuana huko ndiko kunakoleta faida. Lakini waliotunga kanuni hizi walikuwa na rubani au askari mmoja mbele ya kioo kimoja, na hilo limebaki kuwa aibu yao: majadiliano ya wanafunzi, maoni ya mwalimu juu ya insha, na kazi ya mikono ya mwanafunzi wa sanaa havikupata nafasi katika kifurushi. Alama iliingia, hoja ikabaki nje.

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki viliingia katika habari hii kupitia milango mingi. Dar es Salaam ilianza na WebCT, programu iliyozaliwa katika chuo kikuu cha British Columbia huko Kanada. Makerere ilitumia Blackboard ya Marekani, kisha ikachukua KEWL, iliyotungwa na Chuo Kikuu cha Western Cape huko Afrika Kusini, kisha ikahamia Moodle, ambayo Martin Dougiamas wa Australia aliitoa kwa umma mwaka 2002 bila ya malipo ya leseni. Mwaka 2006 Blackboard ikainunua WebCT, na walimu ambao walikuwa wametunga masomo yao kwa jasho wakaona kwamba nyumba waliyohifadhi mali yao imeuzwa bila ya wao kuulizwa. Kuhama kutoka jukwaa moja kwenda jingine kulimaanisha, kwa wengi, kuandika upya. Maandishi yalihama, lakini maswali ya majaribio yalipoteza majibu yake, viungo vilikatika, na orodha za wanafunzi zikaingizwa kwa mkono. Nasema bila ya kusita kuwa vyuo vilivyochagua programu huria katika miaka ile vilifanya uamuzi uliowafaa wanafunzi wao, na sababu kubwa kuliko gharama ni kwamba mwenye kuimiliki nakala ya programu anaweza kuifungua na kuona kumbukumbu zake zimehifadhiwaje.

Hatua iliyofuata ilikuwa kanuni iitwayo LTI, iliyotolewa na watu wa IMS mwaka 2010, na ambayo miongoni mwa waliohangaika nayo sana alikuwa Charles Severance wa Chuo Kikuu cha Michigan. Hii haikujaribu kulihamisha somo, bali ilimhamisha mwanafunzi. Akiwa ndani ya jukwaa la chuo chake hubonyeza kiungo cha maabara au maktaba iliyoko katika seva ya wengine, na jukwaa humtanguliza kwa hati iliyotiwa saini ya siri, isemayo huyu ni fulani, ni mwanafunzi wala si mwalimu, yumo katika somo hili, nasi tunamdhamini. Mwenyeji humpokea bila ya kumtaka neno jingine la siri, na akimaliza kazi hurudisha alama zake kwao. Ni barua ile ile ya mkubwa wa nyumba ambayo kijana wa Rubya aliibeba mkononi.

Rwanda ilikuwa na haja ya pekee ya mambo haya, kwa sababu mwezi wa Septemba 2013 sheria iliviunganisha vyuo saba vya umma kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Rwanda: kile cha taifa cha Butare, KIST, KIE, taasisi ya afya ya Kigali, chuo cha fedha na benki, chuo cha kilimo cha Busogo na chuo cha Umutara. Siku ya sheria kutiwa saini ilikuwa siku moja, lakini kuungana kwa madaftari hakukuwa kwa siku moja. Kila chuo kilikuja na namna yake ya kuandika namba ya mwanafunzi, majina yake ya masomo, mizani yake ya alama na kalenda yake. Na fauka ya hayo, nchi ilikuwa imeamua mwishoni mwa mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza mahali pa Kifaransa, basi moduli zilizotungwa kwa lugha moja zilikuwa zikingojea kuandikwa kwa nyingine. Jukwaa lililobaki kwa wote lilikuwa Moodle. Mimi nauona muungano ule kuwa ulifanikiwa katika jambo moja na kupoteza katika jingine: ulimpa mwanafunzi kitambulisho kimoja na mlango mmoja, jambo ambalo watu wa Rubavu, wilaya yenye Gisenyi na Nyundo, waliokuwa wakisafiri mpaka Kigali kufuatilia hati moja wana haki ya kulishukuru, lakini uliwafanya wengi waamini kwamba njia ya kusikilizana ni kumezwa. Hobe haikuzimeza skuli. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilijaribu kuwa kimoja, na kikadumu miaka saba.

Katikati ya Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, na wanafunzi wakarudi makwao wakiwa na ahadi kwamba masomo yatawafuata. Katika vilima vya Nyundo yaliwafuata kwa taabu. Mto Sebeya umefungwa mitambo ya umeme tangu enzi ya Wabelgiji, lakini umeme upitao juu ya paa si lazima uingie ndani ya nyumba, na mwanafunzi mwenye simu ndogo na fedha ya kununua bando la siku moja hawezi kungoja video ya saa nzima ijipakie. Hapo ndipo kifurushi, pamoja na aibu zake nilizozitaja, kilipoonyesha uungwana wake: somo likipakuliwa mara moja usiku, laweza kusomwa mchana bila ya mtandao, na alama zikarudishwa siku simu inaposhika tena, kwa sharti kwamba aliyelitunga alizifuata kanuni. Aliyezipuuza alitunga somo la watu wa mjini. Miaka mitatu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, Sebeya ilifurika pamoja na mito mingine ya magharibi na kaskazini, watu zaidi ya 130 wakafa katika mikoa hiyo, na nyumba, barabara na madarasa yakachukuliwa na maji. Aliyepoteza vitabu na vyeti usiku ule, kumbukumbu zake zikiwa zimehifadhiwa pia katika seva ya mbali, alikuwa na pa kuanzia.

Yamebaki mambo ya mpaka. Kati ya Rubavu na Goma watu huvuka kwa maelfu pale wanapopaita Petite Barrière siku ambazo amani na serikali zinaruhusu, wakiuza na kununua kwa Kiswahili, lugha ambayo Rwanda iliipa cheo cha lugha rasmi mwaka 2017. Na pande zote mbili zina vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Goma upande ule. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022, kwa hiyo vyuo vya Goma navyo vimo sasa katika mipaka ya mpango wa sifa za elimu ya juu ambao nchi za Jumuiya ziliukubali mwaka 2015 kwa usimamizi wa Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala. Vyuo vya Kongo, kwa upande wao, vilianza katika mwaka wa masomo wa 2021 na 2022 kuufuata utaratibu uitwao LMD, ulio na asili ya Ulaya.

Hapo pana tarakimu mbili ambazo ningependa kila fundi wa majukwaa azibandike ukutani. Shahada ya kwanza ya Rwanda, ya miaka minne, ina krediti 480. Shahada ya kwanza ya Kongo, ya miaka mitatu, ina krediti 180. Mtu asiyejua atasema huyu wa pili hajafika hata nusu ya masomo ya wa kwanza. Lakini krediti ya Rwanda ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na krediti ya Kongo ni saa 25, kwa hiyo mmoja amesoma saa 4,800 na mwenziwe saa 4,500, na tofauti iliyobaki ni ya miezi wala si ya miaka. Wafanyabiashara wa mwambao walijua tangu zamani kwamba pishi ya mji huu si pishi ya mji ule, na hawakuliuza jahazi la mtama kabla ya kuulizana kipimo. Mashine ya Kigali inayopokea faili kutoka Goma haiulizi. Kanuni za SCORM zitaifikisha alama salama, LTI itamfikisha mwanafunzi na kumdhamini, na wala moja kati ya hizo haibebi ndani yake jibu la swali la saa ngapi zimo katika krediti moja, kwa sababu jibu hilo halijaandikwa na watu. Jedwali la kulijibu lingeenea katika ukurasa mmoja wa karatasi, na walimu wa kuliandika, wa Rubavu na wa Goma, wanaishi mwendo wa miguu baina yao.